Kuku ya Upepo

Nchelenge, 3 novemba 1974, siku ya Mungu

Mvula ya kwanza inanyesha tangu asubui. Hii kaye, hii daftari, niliinunua kwa kuandika vipimo vya nguo za watu, lakini vipimo vitakaa ku kurasa za nyuma. Huku mbele nitaandika habari ya tumbo yangu, kwa sababu mu hii muji hakuna mutu hata mumoja mwenye naweza kumuambia.

Jina yangu ni Hippolyte. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Kule Zaïre majina ya ubatizo imekatazwa sasa, lakini huku watu wananiita vile padri aliniita, na mimi nimechoka mno kwa kutafuta jina ingine. Ni fundi wa kushona. Niko na mashini moja, meza moja, paa ya bati yenye kuvuja pembeni, na muke wangu Olipa, mutoto wa hapa hapa Nchelenge, mwenye mimba ya miezi mine. Niko na miaka arubaini na tano, na tumbo yenye kujaa upepo.

Bon, nimesema. Asubui ni tumbo ya mutu. Kufika saa kumi inakuwa ngoma. Upepo unazunguka, unalia, unatafuta njia ya kutoka. Kijana akijamba, wenzake wanacheka na inaisha pale. Mutu mwenye kupima wamama wa kanisa kiuno na kifua hana ile ruhusa. Nabana. Kubana tangu asubui mpaka mangaribi kunachosha kupita kushona.

6 novemba

Leo sahani ya mukwe: maharagi na sombe, majani ya mihogo. Vyote viwili.

Niandike hii desturi vizuri, kwa sababu njo yenye kunifunga. Huku mutu akioa, haingie mu nyumba ya mama mukwe, hakule mbele yake, hamuangalie usoni. Tukikutana njiani, mama anageukia ku majani na mimi naangalia viatu vyangu. Nyumba yake iko hatua mia mbili na yetu, karibu na pale wanaanika chisense, wale samaki wadogo, na miaka miwili sijavuka mulango wake. Lakini ananilisha. Mara mbili kwa juma anapika, na Rosaria, rafiki yake, analeta sahani juu ya kichwa, imefunikwa na kitambaa. Sahani lazima irudi tupu. Inaendelea vile mpaka siku familia itaamua kumuingiza mukwe. Wanaiita ukwingisha. Siku ile wanapika vyakula vyote vya nyumba, wanamukalisha mukwe pa mukeka mbele ya mama, kimya, wanamulisha na kumufundisha. Akisimama pale, ni mutoto wa nyumba.

Mama mukwe wangu wanamuita Bana Mukuka, ni kusema mama ya Mukuka. Ni mujane, mudogo wa mwili, na anapika maharagi kwa moyo wote. Nami maharagi inaniua.

9 novemba

Mvula. Upepo.

10 novemba

Kisha misa Mukuka alikuja, kaka mukubwa wa Olipa, mwenye kufanya kazi ku biro ya council. Alikaa pa kiti ya wateja na shati yake nyeupe.

— Shemeji, wazee wamesema. Ukwingisha itakuwa mbele ya Pasaka.

— Natotela, mukwai, nikashukuru.

— Usifurahi mbio. Olipa atazaa mu aprili. Ukiingizwa, mama atakuja kukaa kwako, na dada yangu atazalia hapa. Usipoingizwa, Olipa anaenda kwa mama, na wewe utangojea inje. Unajua desturi.

Najua, kupita yeye. Muke wangu wa kwanza, Angèle, alienda kuzalia kwa mama yake kule Kilwa, mwaka wa 1967. Desturi ya kule na ya huku ni moja, na mimi walikuwa hawajaniingiza. Nilikaa chini ya paa ya jirani siku mbili. Nilisikia kilio, nikafikiri ni kilio ya uzazi, kisha kimya. Mangaribi mwanamuke mumoja alitoka kuanika matambaa, akashituka kuniona, akasema: "Wewe hawajakuambia?" Angèle alikuwa amekufa tangu asubui, yeye na mutoto.

Safari hii nataka kuwa ndani. Sitaki kingine.

17 novemba

Rosaria alileta sahani, akakaa kungojea nikule. Yeye ni nachimbusa, mwanamuke mwenye kufundisha wasichana na wakwe, njo atasimamia ukwingisha. Kinywa yake haifungwe. Alinihadisia mukwe mumoja wa Chienge. Walimukalisha, wakamulisha viazi na munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, na pale katikati ya kimya, mubwana akajamba.

— Halafu? nilimuuliza, nikaacha kutafuna.

— Halafu alinyamaza. Kila mutu aliangalia mwenzake. Mama mukwe akasimama, wakatoa vyakula. Alingojea mvula ya miaka miwili ingine mbele ya kuitwa tena. Kama alisema mwenyewe, mama angeweza kumuomba kuku moja nyeupe na inaisha. Ni mama anaamua. Akikubali, kuku. Akikataa, unatoka vile uliingia.

Akacheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka. Tumbo yangu haikucheka.

1 desemba

Najaribu akili yangu mwenyewe. Nilisema, chakula ikipunguka na upepo utapunguka. Juma hii sikule muchana. Matokeo: mangaribi njaa inanishika kama mwizi, nakula bukari, ugali, ya watu wawili, nalala palepale juu ya mukeka, na asubui tumbo imesimama. Ni mubaya kupita mbele.

4 desemba

Nilikunywa maji ya majivu. Nilitapika.

12 desemba

Wamama wanane wa korali wanataka nguo za Noeli. Wote mu chumba kimoja, kwa sababu inje mvula haiachi. Nilipima, nilibana, nilijibu "eya, mukwai" na pini mu kinywa. Wa saba aliniuliza kama niko mugonjwa, uso ulikuwa na jasho. Nikamuambia ni malaria.

25 desemba

Noeli. Munkoyo, soda, mihogo, mahindi mabichi ya kwanza. Ku misa, pale padri ananyamaza na kila mutu ananyamaza, niliomba Mungu kitu kimoja tu. Alinipa. Lakini nilitoka jasho kama mutu wa kubeba mizigo.

8 januari 1975

Nimefanya kitu. Jirani wetu ni André, Mukongomani mwenzangu, mwenye kuvusha chumvi. Iko na bata sita. Leo, Rosaria alipogeuka, nilikula samaki na bukari, na maharagi nikaimwaga ku bata. Sahani ilirudi tupu, inang'aa.

Mangaribi tumbo ilikuwa afazali. Bata walikuwa na furaha. Sijafanya mubaya kwa mutu.

12 januari

Bata tena.

15 januari

Bata wanajua sauti ya Rosaria sasa. Akipiga hodi, wanakuja.

19 januari, siku ya Mungu

Mungu wangu.

Rosaria alisahau kitambaa cha kufunikia, akarudi bila kupiga hodi. Alinikuta nimeinama na sahani mu mukono, bata sita wanazunguka miguu yangu, vinywa vimejaa maharagi ya mama mukwe. Hakusema neno. Yeye, Rosaria, mwenye kuongea hata usingizini! Alichukua sahani, alichukua kitambaa, akaenda.

22 januari

Sahani haikukuja.

23 januari

Mukuka alikuja, na hakukaa.

— Shemeji, nakuuliza mara moja. Unamuogopa mama yangu?

— Hapana, hata kidogo!

— Mutu anakataa chakula ya nyumba kwa sababu gani? Anasema kuko sumu. Anasema kuko bulozi. Mama amelia siku ine. Anasema: mwaka wa pili namulisha, kumbe ananiona mulozi. Muji muzima unajua habari ya bata.

Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema: ni tumbo, ndugu yangu, ni upepo tu. Lakini vile anasimama pale, na shati nyeupe, na kalamu mu mufuko, neno halikutoka. Mutu hasemi upepo kwa kaka ya muke wake. Hata ile ni desturi.

— Nilikuwa nimeshiba, nikasema.

Bure kabisa. Hata mimi sikuamini.

— Basi ukwingisha hakuna, akasema. Olipa akijifungua, atajifungulia kwetu.

Akaenda. Nilikaa mbele ya mashini, mvula inapiga bati, na nikamuona Angèle, na ule mwanamuke na matambaa mu mikono. Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe. Miaka arubaini na tano, na nimepoteza mulango kwa sababu ya maharagi.

Olipa alirudi kutoka kisimani, akaweka ndoo chini. Alikuwa amesikia yote njiani.

— Tata, niambie kweli. Unamuogopa mama?

Nikamuambia. Yote. Tumbo, kubana, majivu, korali, misa ya Noeli, mutu wa Chienge. Alinisikiliza, mukono juu ya mimba. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio, halafu kicheko tena.

— Miaka miwili nalala kando yako! Unafikiri mimi sina masikio?

— Kwa nini hukusema?

— Nilifikiri njo vile Bakongomani beko.

Alipanguza macho. Akasema hawezi kumuambia mama: mutoto mwanamuke haongei tumbo ya bwana yake mbele ya mama yake. Lakini sumu, alisema, iko na jibu moja tu. Mutu anakula mbele ya watu.

26 januari, siku ya Mungu

Nilimutumia Rosaria ujumbe: lete sahani kubwa, lete ku soko, nitaweka meza yangu pale, saa watu wanatoka ku misa.

Alileta. Sahani ya kuogea mutoto, si ya kula. Maharagi mpaka juu. Watu walisimama pembeni, kila mutu na sababu yake ya uongo: huyu anauliza bei ya shati, huyu anajikinga mvula. Mukuka alisimama mbali, chini ya paa ya butcha. Nilikula. Nilikula yote, na bukari, nikalamba vidole, nikageuza sahani chini juu ili waone. Mukuka alitikisa kichwa kidogo, akaenda.

Rosaria alisema pole pole: "Nitamuambia."

Yenye ilifuata kufika mangaribi, siwezi kuandika. Olipa alienda kulala kwa jirani.

27 januari

Ukwingisha iko. Tarehe 22 ya mwezi wa tatu. Sasa nitabana namna gani mbele ya vyakula vyote vya nyumba?

30 januari

Nilienda na kinga, ni kusema baiskeli, mpaka Kafutuma, matope mpaka magoti. Kule anaishi muzee Kasonde, mwenye alifunga vidonda ku migodi ya Katanga miaka makumi mawili, anajua Kiswahili kama sisi. Kuko dawa hapa karibu, lakini hapa kila mutu mwenye kutoa dawa anakunywa na Mukuka.

Nilijifanya nimekuja kumupunguzia suruali. Alinikalisha pa baraza, nikaanza kupindisha, pini mu kinywa, na kwa kuwa uso wangu ulikuwa unaangalia suruali, niliweza kusema yote. Hakucheka. Alikuwa ananiangalia tu, muda murefu.

— Fundi, hizi pini zinakaa mu kinywa tangu lini?

— Tangu nijue kazi.

— Siku nzima?

— Nitaziweka wapi?

— Ongea tena kidogo.

Nikaongea. Akainua kidole.

— Unasikia? Pembeni ya meno. Unavuta hewa, halafu unameza. Kila pini yenye unatoa, unameza mara moja. Nimehesabu kumi na ine kwa muguu mumoja wa suruali. Unakunywa hewa kama mutoto anakunywa maziwa, halafu unashangaa inatoka wapi.

Nilitoa pini. Nilibaki nikiziangalia mu kiganja. Miaka makumi mbili na saba!

— Maharagi haina kosa?

— Iko nayo. Lakini hawayalowekezi. Yalowekwe siku nzima, ile maji imwagwe, yachemke kidogo, imwagwe tena, njo yapikwe. Na wewe unakula namna gani?

— Nimesimama. Mteja anangojea.

— Dakika ngapi?

Nikainamia tena suruali yake.

— Na ukimaliza unakaa umeinama juu ya mashini, na mukaba umekazwa. Fundi, tumbo yako haina ugonjwa. Iko na bwana mubaya.

Alikataa nimulipe, akasema suruali inatosha. Alinipa kipande ya tangawizi ya shamba lake. Nilirudi chini ya mvula, nimechoka, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na hamu ya kesho.

2 februari

Pini ziko mu kipande ya sponji, nimeifunga ku mukono wa kushoto. Mara mia kwa siku mukono unapeleka pini ku kinywa. Mara mia naurudisha. Kazi inaenda polepole na wateja wanalalamika.

5 februari

Habari ya kulowekeza maharagi Olipa aliimaliza. Alimuambia Rosaria amuambie mama: hii mimba haipendi harufu ya maharagi bila kumwaga maji mara mbili. Mimba hakuna mutu anabishana nayo.

9 februari

Sahani ilikuja. Maharagi laini, ya rangi ya kufifia. Nilikaa, si kusimama. Nilitafuna mpaka Rosaria akauliza kama niko na jino mubaya. Kisha nilitembea mpaka ku ziwa na kurudi, mukaba umelegea. Upepo kidogo. Kidogo tu!

12 februari

Kwaresima imeanza. Hakuna nyama. Maharagi kila siku.

20 februari

Nilisahau, nikaweka pini mu kinywa asubui nzima. Mangaribi ngoma. Kasonde alikuwa na haki.

26 februari

Rosaria, akingojea sahani:

— Ile akili ya mimba ya Olipa ni ya Mungu. Rafiki yangu analala vizuri tangu alianza kumwaga ile maji. Miaka yote alikuwa analalamika tumbo, usiku anazunguka nyumba kama mulinzi.

— Nani? niliuliza.

— Mama mukwe wako, nani mwingine? Lakini mimi sijasema kitu.

Miaka miwili namuogopa ule mwanamuke. Sikufikiri hata mara moja kama iko na tumbo.

8 machi

Mvula usiku na muchana. Ziwa imepanda mpaka pa mitumbwi ya juu. Namushonea Bana Mukuka nguo ya ukwingisha, kanzu ya bluu. Simupimi mimi, hapana. Olipa alimupima na kamba, kamba ikaja na mafundo. Kiuno ni kidogo sana. Nilishona pindo mara mbili.

16 machi

Sijakula mahindi mabichi, sijakunywa munkoyo siku kumi. Tumbo imenyamaza. Nachunga tu isiamuke. Nimechoka kuifikiria. Kuko watu wanafikiria vita na bei ya chumvi, mimi nafikiria utumbo wangu.

22 machi, siku ya posho, jumamosi

Waliniingiza saa nane ya muchana. Sina ndugu huku, basi Kasonde alitoka Kafutuma na kinga, na ile suruali, kwa kukaa kando yangu. Rosaria alitushika mikono pa mulango. Nilivuka. Ndani ni chumba kidogo, safi, ukuta umepakwa udongo mweupe. Wazee wa familia walikaa ku ukuta. Mukuka alikaa karibu na mama yake. Bana Mukuka alikuwa pa mukeka mbele yangu, kwa kanzu ya bluu, kichwa chini.

Halafu vyakula. Sahani kwa sahani: samaki, kuku, sombe, viazi, mahindi mabichi, munkoyo, na maharagi, yale ya zamani, mazito, yenye maji yake, kwa sababu siku hii lazima kila kitu kiwe vile wazee walikula. Mama anaonja wa kwanza, kwa kuonyesha hakuna mubaya, kisha mukwe. Kila sahani, yeye, halafu mimi. Kisha habari ya bata, nafikiri alitaka wote waone vizuri. Alikuwa anaonja vikombe vizima.

Mimi nilikula kidogo, nilitafuna, nilimeza polepole. Niliisikiliza tumbo yangu kama mutu anasikiliza mutoto mugonjwa. Kimya. Nilianza kufurahi.

Rosaria alisema: "Sasa tunyamaze, wafu wa nyumba wamuone mukwe." Tukanyamaza. Hata mvula ilikuwa imeacha.

Njo upepo ukatoka. Haukuwa mukubwa. Ulikuwa murefu na mwembamba, kama kitambaa ya kaniki inapasuliwa na mutu mwenye huruma. Na haukutoka kwangu.

Wazee wote waliniangalia mimi. Ni haki yao, kila mutu anamuangalia mukwe. Lakini Mukuka, mwenye alikuwa karibu, hakuniangalia. Macho yake yalianza kugeuka, polepole, upande wa mama yake.

Niliangalia mikono ya Bana Mukuka. Vidole vilishika ile pindo nilishona mara mbili, vilikuwa vinaikamua mpaka vinakuwa vyeupe. Najua ile kushika. Miezi mitano nimeshika vile pindo ya meza, pindo ya benchi ya kanisa. Nilijua yenye iko mu kichwa chake. Mama mwenye kujamba mbele ya mukwe, siku ya kumuingiza, hatakanyaga nyumba ya ule mukwe tena maisha yake yote. Atakufa kwa haya.

— Pardon, mayo, nikamuambia mama. Ni mimi.

Kasonde aligeuka akaniangalia. Rosaria alifumba macho.

— Unasema nini? muzee mumoja aliuliza.

— Ni mimi. Tumbo yangu iko na upepo, tangu zamani. Maharagi nilimwagia bata kwa sababu ya ile, si kwa woga. Niliona haya kusema. Leo nasema.

Yote ikatoka, mbele ya wote, miezi mitano ya siri ikaisha kwa pumuzi moja. Masikio yalikuwa yananiwaka. Kijana mumoja pa dirisha aliguna na wakamufukuza.

— Ni mama anaamua, muzee akasema.

Tulingojea. Nilifikiri: akisema hapana, natoka, na Olipa atalala huku, na mimi chini ya paa ya jirani tena. Nimeiweka mu mikono yake mimi mwenyewe.

Bana Mukuka aliinua uso. Miaka miwili, na sikujua uso wake. Macho ni madogo, moja iko na ukungu. Aliniangalia wazi, si ku viatu.

— Kuku moja nyeupe, akasema. Na aendelee kula.

23 machi

Nimepeleka kuku. Nililala masaa kumi na moja.

27 machi

Ku soko wananiita Fundi Upepo. Mwanamuke mumoja wa korali aliuliza kama nguo yake itapepea yenyewe. Watoto wanafanya sauti na midomo nikipita. Bata wa André pia wana jina sasa, wanawaita mashemeji zangu. Inauma kidogo, siwezi kudanganya.

31 machi

Kisha Pasaka Bana Mukuka amehamia kwetu na sanduku moja na chungu cha maharagi. Anaongea kidogo. Yeye mwenyewe anamwaga maji mara mbili.

9 aprili

Olipa alianza kuumwa asubui. Walinitoa mu chumba, lakini si inje ya nyumba. Nilikaa pa mashini yangu, mulango uko pale, ningeweza kuugusa. Nilisikia kila kitu. Kufika saa saba ikanyamaza, na mimi nikasimama, kwa sababu ile kimya naijua.

Mulango ukafunguka. Hakutuma Rosaria. Bana Mukuka alikuja yeye mwenyewe, mikono imelowa.

— Tata, wote wawili bazima. Ni mwanamuke.

Nililia juu ya kanzu ya mutu, ikabidi niifue.

13 aprili, siku ya Mungu

Mvula inaisha, leo jua tangu asubui. Mutoto tumemuita Emilienne. Analia tangu jana, magoti juu, tumbo ngumu. Olipa amechoka mpaka hawezi kukaa. Nilisimama pa mulango, sijui mikono niiweke wapi.

Bana Mukuka alinionyesha kiti. Nikakaa. Akaweka mutoto juu ya magoti yangu, tumbo chini, akachukua mukono wangu, wa fundi, wenye pini zake, akatoa zile pini kwanza, akaweka kiganja pa mugongo mudogo.

— Usikaze. Polepole. Unangojea tu.

Tulingojea, sisi wawili. Nilikunja miguu midogo vile alinionyesha, nikaikunjua, nikaikunja. Halafu mutoto akajamba, mukubwa wa kushinda mwili wake, na akanyamaza palepale, akafumba macho. Olipa alipiga kigelegele mu kitanda. Rosaria alijibu kutoka inje, hata bila kujua sababu.

Bana Mukuka hakupiga kigelegele. Aliangalia mulango kama uko wazi, akauona umefungwa, akaniinamia karibu na sikio.

— Na huyu, nani atamulipia kuku?

Nilimuangalia usoni. Ile jicho yenye ukungu ilikuwa na maji.

— Mimi, mayo, nikasema. Tena mimi.